Pacha wa Shaba

Kibao cha shaba kikilala hakisemi.
Kilaze mezani, kigonge: ko. Basi.
Kitundike kwa kamba ya ngozi, matundu mawili
pale pasipotikisika, na nyundo ikikigusa
kinajipinda kama mgongo wa paka aliyeamshwa,
juu, chini, juu, upesi kuliko jicho,
na hewa inasukumwa, inavutwa,
hadi mwanzi ulio chini yake, uliokatwa kwa kipimo chake,
unaitika.

Hayo nimeyajua kwa meno.
Sikio la kushoto lilikwenda na nyundo za karakana
mwaka niliotimiza thelathini na mmoja.
Sasa nauma mpini, ncha yake naigusisha kibaoni,
na sauti inapanda taya, inaingia fuvuni
kabla jirani hajaisikia.

Baba, Pande Rembang, hakutengeneza kibao kimoja pekee.
Kila kimoja na pacha wake,
na pacha mmoja lazima awe juu kidogo.
"Wakilingana," alisema akipuliza vumbi la tupa,
"wamekufa. Waache wakosane, upana wa unywele."
Na ndani ya unywele ule sauti hutetemeka,
ikijaa, ikipwa, ikijaa,
mara saba kwa sekunde.
Kutetemeka huko, hapa Bali, twakuita wimbi.

Wiki jana alikuja mnunuzi Mholanzi
na simu yenye mshale. Mshale ukakataa.
"Mama, hivi viwili havipatani."
Nikamshika mkono, nikauweka mdomoni mwa mwanzi,
nikavigonga vyote viwili.
Alinyamaza muda mrefu.
Kisha akaomba punguzo.

Baba alifariki mvua zikianza,
ameacha kibao kimoja kilichokamilika, cha seti ya hekalu,
kile cha chini.
Pacha wake bado mzito, mweusi wa moto.
Siku nne nimekaa naye.
Ukikwangua ncha, sauti inapanda;
ukikwangua tumbo, inashuka.
Nakwangua tumbo. Nauma mpini. Nahesabu.
Mipigo kumi na miwili.
Tisa.
Saba.

Hapo mkono ukataka kuendelea.
Tano, ningeweza. Mbili, ningeweza.
Ningemshukia baba taratibu, vumbi kwa vumbi,
hadi sauti yangu na yake zisiachane hata kwa unywele,
na mshale wa Mholanzi usimame wima, umeridhika.

Nikaweka tupa chini.
Ulimini nilikuwa na ladha ya mpini wake,
mti mkavu, na shaba kidogo.