Maji ya Jumapili

Nje ni nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Moshi wa makaa umesimama wima juu ya Karaganda
kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda.
Bafuni, ndoo tatu za maji ya bomba
zimelala wazi tangu jana usiku,
klorini ijiendee zake.
Maji nayo ni mgeni: usiku mmoja nayaacha yapumue,
asubuhi nayapa jembe.

Tangi langu ni la lita arobaini, chini ya dirisha la jikoni.
Nimelivika koti kuukuu la Serikbay,
maana mwanga ukipenya
mwani nao utadai chumba.
Juu yake mabomba mawili meupe, matundu kumi na sita:
saladi kumi na nne, shina moja la kotmiri,
na tundu moja ambalo halijawahi kuotesha kitu.

Kwanza chupa ya kwanza. Nakoroga nikihesabu hadi mia.
Ndipo ya pili.
Hawa wawili hawakutanishwi wakiwa wazito;
watakabana koo, kalsiamu na salfeti,
wageuke chokaa kwenye sakafu ya ndoo,
na chakula kiwepo
pasipo wa kuweza kukila.

Mmea hunywa kuliko unavyokula.
Kulijua hilo kulinigharimu majira mawili ya baridi.
Maji yakishuka nilidhani wana njaa,
nikaongeza mbolea, nikaongeza tena,
hata kingo za majani zikaungua
kama karatasi iliyosogezwa karibu na jiko.
Walikuwa na kiu.
Nami nawalisha chumvi.

Irma Genrikhovna wa ghorofa ya nne hunicheka:
"Sokoni saladi zimejaa, Rauza.
Wewe unafuga maji."
Nafuga, ndiyo. Yana homa zake:
yakipata joto mizizi hugeuka kahawia,
huteleza mkononi kama samaki aliyelala.
Pampu ikizimika usiku,
kimya ndicho kinachoniamsha.

Mwezi wa kwanza majani machanga yakawa manjano,
ikabaki mishipa tu, kijani, kama ramani ya mito.
Nikapima uchachu. Tano nukta nane. Sawasawa.
Jana yake, tano nukta nane.
Siku tisa, namba ileile,
kama mtoto aliyekariri jibu bila kusikia swali.
Siku ya kumi nikakichovya kipimo
katika maji ya majaribio, yale ya saba kamili.
Kikasoma sita.

Kumbe chuma kilikuwamo majini muda wote,
mlango tu ndio uliokuwa umefungwa.

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Miaka ishirini na sita nilipima hewa chini ya ardhi,
kisanduku shingoni, sindano ikitetemeka kwa methani,
na wanaume wakinitazama uso, si sindano.
Zamu ile ya Serikbay haikuwa yangu.
Baadaye walinionyesha daftari la mpimaji:
sawasawa, sawasawa, sawasawa,
kwa mwandiko mzuri sana.

Basi sasa, kabla ya kugusa maji, naanza na kipimo.
Kwenye nne. Nasuuza. Kwenye saba. Nasuuza,
nakikausha kwa kitambaa cha miwani.
Naiandika namba jinsi ilivyo,
hata ikiwa mbaya.
Hasa ikiwa mbaya.

Maji ya zamani nampelekea fikasi wa ngazini
asiye na mwenyewe, ambaye mwaka huu amefika dirishani.
Koti nalirudisha juu ya tangi, nafunga vifungo,
vile vitatu vilivyobaki.
Mapovu yanaanza tena, madogo, ya haraka.

Mlango unagongwa.
Irma Genrikhovna, na bakuli tupu,
anasema amepita tu.