Vidato

Niliingia Kigombe kwa bodaboda,
mkonge kushoto, mkonge kulia,
na mkobani chupa ya divai ya kwetu Hombolo
niliyoivisha soksi isije ikavunjika.
Hakuna aliyenituma. Kwetu tunalima zabibu;
nilitaka tu kuwaona wenzetu
wanaokamua mti ukiwa umesimama.

Yeremia Semkiwa alikuwa juu.
Nyayo zake ndizo nilizoziona kwanza,
zimepauka kwa vumbi la gome,
zikipapasa vidato alivyovichonga mwenyewe.
"Umesoma mpaka kidato cha ngapi, dada?"
sauti ilitoka kwenye makuti.
"Cha nne."
"Huu peke yake una arobaini na kimoja,
na mimi narudia darasa asubuhi na jioni!"

Alikata karara kwa kotama,
kipande chembamba kama ukucha wa mtoto,
akaligusa kwa kiganja
kama anayempima mgonjwa homa.
Tone. Kimya. Tone.

"Ukiugema mnazi, nazi sahau," alisema akishuka,
kibuyu kikimgonga paja.
"Haukupi dafu na tembo. Uchague."
Nikamkumbuka baba alivyong'oa mtama
apate nafasi ya zabibu,
na lori la kiwanda mwaka ule
likapita bila kusimama.

Mama Zebadia alipima kwa kikombe cha bati.
Hapa umri hauhesabiwi kwa miaka.
Tembo la saa moja asubuhi ni mtoto,
lina povu puani, linacheka na kila mtu.
La saa sita limebalehe, linajibu wakubwa.
La jioni waachie wenye madeni.
Kesho yake ni siki.

Nilitaka kusifu.
Sifa ilishafika kwenye meno
nikaukumbuka ule usemi wa mgema, nikaimeza.
Semkiwa aliniona, akacheka
mpaka kotama ikatikisika kiunoni.
"Sema tu, dada! Hayo maji ya kutia niyatoe wapi?
Bomba limekauka tangu Ramadhani.
Ndoo mia tano, na uifuate mwenyewe!"
Mama Zebadia hakucheka.
Alikuwa anaitazama ndoo.

Nikatoa chupa yangu.
Kizibuo hakuna; ncha ya kotama ikafanya kazi,
na nusu ya kizibo ikazama ndani.
Semkiwa alionja, akafumba jicho moja.
"Hii ilifungwa jela," alisema.
"Imetoka na adabu, lakini kutabasamu imesahau."
Akaonja tena, hata hivyo. Na tena.
Kisha akaigeuza chupa, akasoma karatasi yake:
picha ya ngome ambayo Dodoma haipo,
jina la kampuni, asilimia, mwaka.
"Sasa nani kaichuma?"

Vidole vya mama yangu
vilivyochubuliwa na mkasi msimu mzima,
sikuviona popote kwenye karatasi ile.
Nilisema, "Watu wa kwetu."
Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima,
kama mtu aliyepewa anwani isiyotosha.

Wakati wa kuaga Mama Zebadia aliijaza chupa ileile,
akaiziba kwa makumbi, si kwa kizibo.
"Usilizibe pumzi, litakupasukia."
Pesa akakataa. Soksi akaichukua,
akasema itamfaa Zebadia.

Segera, basi zima lilishajua nimebeba nini.
Chalinze, jirani yangu alihama kiti.
Morogoro, jirani mwingine alihamia.

Nilipofika Hombolo lilikuwa siki kamili.
Mama alilinyunyizia kachumbari,
akala kimya, akapangusa sahani kwa kidole chenye kovu,
akauliza, "Hili nani kaligema?"

Nikamtajia. Jina lake na la baba yake.
Na idadi ya vidato.