Songa

Mimi ni karani wa kumbukumbu.
Huandika wasemayo waheshimiwa,
hata siku ambazo hawajasema kitu.

Jumatatu hii nimechelewa.
Huku Mkomani, ukuta na ukuta
husalimiana kwa viwiko,
na punda wa Lali, mifuko minne ya saruji,
amekutana na punda wa Shekuwe, mitungi ya gesi,
pua ikipumulia pua.

"Rudi wewe."
"Nirudi vipi? Punda ana rivasi?"
"Mimi ndiye niliyeingia mwanzo."
"Mwanzo wa wapi? Babu yako alipata kumiliki punda?"

Nyuma ya Shekuwe: muuguzi wa zamu,
kijana na trei ya mayai kichwani.
Nyuma ya Lali: watoto wa chuoni, na mimi.
Tukawa watu wa Lali.
Hatukumchagua. Tulikuwa nyuma yake tu.
Kufikia saa tatu nilikwisha kumchukia yule wa mayai.

Bungeni kuna hoja ya pampu ya maji,
mwezi wa tatu huu.
Hawa: kwanza bajeti. Wale: kwanza pampu.
Pampu yenyewe imo ndani ya kreti, gatini,
inaota chumvi.

Songa, tunasema, songa mbele.
Songa ugali. Songa nywele.
Na aliyeshikwa koo, naye kasongwa.
Neno moja, mkono mmoja:
ukisukuma mwenzio akasukuma,
ndio msongamano,
na kila mtu ataapa kwamba yeye alikuwa akienda.

Ndipo mlango ukafunguka ubavuni.
Arafa, fundi cherehani, sindano kaiuma kwa meno.
"Mnanizibia mwanga," akasema.
Si hekima. Alikuwa na gauni la arusi
la kukabidhi kabla ya adhuhuri.
Akamshika punda wa Lali hatamu,
akamwingiza dakani, akampitisha hadi sebuleni,
saruji ikitimka juu ya kitambaa cheupe.

Shekuwe akapita. Mayai yakapita.
Muuguzi akapita mbio, hakuaga.
Punda akatolewa kinyumenyume
(kumbe rivasi anayo)
akaacha kinyesi kwenye sakafu iliyosuguliwa alfajiri.
Lali akasema, "Nimeshinda."
Nikamsikia na Shekuwe, kule mbele, akisema vilevile.
Arafa hakusema. Alikwenda kutafuta fagio.

Nikafika bungeni natweta.
Sikuwa nimechelewa: akidi haijatimia.
Kisha ikatimia, kisha wakatoka upande mmoja,
kisha wakarudi, wakatoka wa pili.
Nikaandika: *Kikao kiliahirishwa.*
Mkono wangu siku hizi huiandika wenyewe.

Waliobaki wakaanza kukunja pua.
"Kuna harufu," akasema mheshimiwa mmoja,
na kila upande
ukautazama upande wa pili.

Nikavuta miguu yangu chini ya meza.
Soli ya kushoto.