Dirisha Namba Tatu

Mwaka ule soko lilipoachiwa huru
mabenki mageni yalifika Mwanza na viyoyozi
na milango ya vioo, unajiona kabla hujaingia.
Sisi, ng'ambo ya barabara, tulikuwa na feni moja
na kibao: DIRISHA LIMEFUNGWA, NENDA LINGINE.
Lingine halikuwapo.

Mimi nilikaa namba tatu.
Muhuri, daftari la kurasa pana,
na kikombe cha chai ambacho wateja walikijua:
kikitoka kabatini, wao hutafuta pa kukaa.
Mali ya umma haifi, tulizoea kusema.
Kweli haifi.
Hukonda.

Wa kwanza kuhama alikuwa Bugumba, mwenye kinu cha pamba.
Hakugomba. Alichukua salio lake lote, akahesabu mara mbili,
akanirudishia kalamu niliyomwazima
kwa adabu ya mtu anayerudisha mahari.

Makao makuu wakatuletea tai nyekundu
na semina ya kutabasamu.
Tukatabasamu wiki mbili.
Foleni haikusogea; ilichekewa tu.

Kisha Nyanjige, muuza dagaa wa Mwaloni,
alitua kopo la samli mbele yangu, noti zimelowa ndani.
Saa nne hiyo. Nikamwambia, mama, umechelewa.
"Nimechelewa mimi?
Soko langu hufunguka saa kumi alfajiri.
Saa mbili nimeshauza, saa tatu nimeshaibiwa.
Anayechelewa ni benki yako."

Meneja wetu, Masalu, aliogopa waraka kuliko radi.
Siku ile mezani pake palikuwa na karatasi mbili:
kimemo cha mkubwa, shemeji yake akopeshwe meli
asiyoijua bei wala bandari,
na ombi langu: meza, sanduku la chuma, askari mmoja,
na karabai, ile ile inayowaita dagaa usiku wa giza.
Labda, niliandika, itaita na shilingi.

Alisaini la kwangu.
Kimemo akakitegea birika juu,
kikalowa mpaka wino ukahama.

Naye akahamishwa, kabla ya masika.

Meza ilibaki.
Daftari likaanza kunuka dagaa;
wakaguzi walipolifungua walishika pua,
halafu wakashika kalamu, wakajumlisha upya,
wakaniuliza mikopo midogo hii imedhaminiwa na nini.
Nikasema: na boti ya Ukara inayorudi kila Jumanne,
na wanawake kumi na wawili wanaojuana madeni.
Waliandika "haieleweki". Hawakuifunga.

Sikwambii tulishinda. Bugumba hajarudi.
Feni ni ile ile, na kimemo kingine
nasikia kimo njiani, cha mkubwa mpya.

Ila saa kumi na moja, karabai ikishika moto,
Nyanjige huwa amefika, ananiuliza kama nimelala.
Kikombe changu nimekuja nacho.
Siku hizi nakunywa nimesimama.