Kitambaa

Ubao ulikuwa wangu, wa kuandika bei:
kuchaji simu, mkaa wa gunia, mkaa wa kopo,
na saa ambayo umeme uliahidi kurudi Katuba.
Chaki niliiacha kwenye mkebe wa maziwa
kwa sababu mimi husahau, na wapita njia
hunikumbusha kwa kuandika.

Ndivyo walivyoanza.
Kwanza mbuzi aliyepotea. Kisha msiba wa avenyu ya nyuma.
Kisha mtu, alfajiri, kwa herufi za kusimama:
POLISI NAMBA 4477 AMEMPIGA NUMBI.
PIKIPIKI IKO WAPI?

Numbi namjua. Hubeba watu na magunia ya unga.
Jino lake la mbele sasa anatembea nalo mfukoni.

Kufika saa nne ubao ulikuwa umejaa.
"Uongo." "Nilikuwepo." "Ulikuwepo wapi, kwenye pombe?"
"Polisi naye ana watoto, mshahara umekwama."
"Mshahara ukikwama ndiyo ule jino la mtu?"
Wakasimama pale, wabunge wetu wa kusimama,
mikono hewani, maandazi yakipoa,
wamenizibia mlango, siuzi kitu,
na mimi nacheka. Kweli, nilipenda.

Halafu mkono mmoja ukabana, juu kabisa ya namba,
neno juu ya kabila la Numbi
ambalo sitalirudia hapa.
Nilichukua kitambaa. Sikumwuliza mtu.

Kaumba, fundi redio, akanijia juu:
"Leo umefuta tusi. Kesho utafuta swali.
Nani amekupa kitambaa?"
Nikamjibu: ukuta wangu, msumari wangu.
Akasema: "Hata wao husema hivyo.
Barabara yao. Bunduki yao."
Lilinikaa kooni kama mfupa wa tomsoni.

Siku tatu baadaye akaja polisi.
Nikasema moyoni: haya, ubao umekwisha.
Hakuugusa. Alivua kofia,
akaweka kidole kifuani, kwenye namba: 4471.
"Mama Kisimba, soma ubao wako."

Nikasoma.
Nilipofuta lile tusi
kitambaa kilipita juu ya saba ya mwisho,
kikaondoka na bega lake.
Ikabaki imesimama peke yake, moja.

Siku tatu.
Shuleni binti yake wanamwita mtoto wa mwizi wa pikipiki.
Mke wake, ambaye hununua mkaa kwangu,
nilidhani anaumwa.

"Sikuja kuwakataza," akasema. "Waandike.
Yule wa saba mbili namjua, na mimi mwenyewe namwogopa.
Lakini sisi wenye namba tukikosea, mnauliza nani atajibu.
Kitambaa kikikosea?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na chaki.
Nikairudishia saba bega lake.
Pembeni, kwa mwandiko wangu mbaya:
Jumanne nilifuta tusi la kabila. Ni mimi.
Nikaharibu namba. Ni mimi pia.
4471 hakumpiga mtu.
Nikaweka jina langu, na la baba.

Kaumba alisoma, akasema bado.
Mwingine akaandika kwamba nimenunuliwa,
akauliza polisi alichukua magunia mangapi.
Hilo sikulifuta.
Kila asubuhi nafungua mlango na kulikuta hapo,
na kila asubuhi mkono unakwenda wenyewe kwenye msumari,
naurudisha.

Pikipiki haijarudi.
4477 hupita upande ule mwingine wa barabara,
macho kwenye bomba refu la kiwanda
kana kwamba kuna kitu kimeandikwa kule juu.

Numbi huja jioni kuchaji simu. Simlipishi.
Anasoma ubao kuanzia juu hadi chini, midomo ikitembea,
akimaliza anagusa mfuko wa shati,
halafu anainamia mkebe wa maziwa,
anautikisa,
anasikiliza chaki imebaki kiasi gani.