Neno la Herufi Kumi na Tano

Barua ililetwa Aprili, tukipogoa mizabibu.
Kijana wa bodaboda hakuzima hata injini.
Mama alifuta mikono kwenye kanga, akaipokea
kwa ncha za vidole, kama sufuria ya moto,
akanigeuzia mimi: Soma.
Ndiyo maana nauza mbuzi kwa ada yako.

Kiingereza chote, toka juu hadi kwenye muhuri.
Namba ya kiwanja niliielewa.
Jina la mama nililielewa, ingawa walilikosea,
Mbeleje wameandika Mbereje.
Mstari wa tatu nikakwama
kwenye neno refu kama treni ya mizigo ikipita Ihumwa:
notwithstanding.

Nikahesabu herufi. Kumi na tano.
Kwetu herufi kumi na tano zinabeba watu.
Tutakapowaambia, kwa mfano:
ndani yake tumo sisi, wamo wao,
na siku yenyewe imo, inangojwa.
Hili la kwao lilinitazama tu, limefunga mdomo.

Nikalikatakata kwa Kiingereza cha darasa la tatu.
Not, siyo. With, pamoja na. Standing, kusimama.
Mama, wanasema hawasimami pamoja nasi.
Akacheka kidogo, mkasi bado mkononi.
Hilo nalo lilihitaji kuandikiwa barua?

Kesho yake nikambana Mwalimu Chidosa baada ya kipindi.
Kamusi yake ilishonwa mgongoni kwa uzi wa gunia,
lakini hakuifungua.
Licha ya, akasema. Basi.
Nilikasirika. Herufi zote zile kwa licha ya?

Ni neno la suti, binti Masinga.
Linavaliwa ofisini, halivaliwi mnadani.
Ukimwambia Sogodi muuza kuku, notwithstanding bei yako,
atadhani umemtukana mama yake.
Halafu akashika chaki:
licha ya yetu hutangulia siku zote.
Hili lao laweza kutangulia jina,
laweza pia kuja nyuma yake,
na lolote litakalolifuata au kulitangulia, linabaki limeshindwa.

Nikarudi Veyula kwa miguu, vumbi jekundu hadi magotini,
nikiisoma barua upya.
Licha ya miaka ishirini na sita ya kuishi na kulima mahali hapo.
Kumbe walijua!
Hawakukana mwaka hata mmoja.
Hawakukana mizabibu, wala kisima,
wala kaburi la baba penye uzio wa minyaa.
Neno lile linakubali kila kitu, kisha linapita,
kama mtu anayekuamkia huku anatembea
na jibu lako analiachia upepo.

Nilimweleza mama yote tukichambua mlenda.
Alinyamaza mpaka mboga ikaisha kwenye ungo.
Na sisi tunaruhusiwa kulitumia?
Nikasema, mwalimu anadai ni la yeyote mwenye kalamu.
Basi wapelekee lao.

Nikararua karatasi ya katikati ya daftari la jiografia.
Nililiweka nyuma, makusudi, kama nilivyofundishwa,
barua yao ikatangulia mbele yake peke yake
kama mbuzi aliyekwishauzwa:
Your letter notwithstanding,
tumepogoa mistari tisa. Tutavuna Agosti.
Sehemu ya pili niliiacha kwa Kiswahili.
Nao watafute kamusi.

Sijui kama kuna aliyeisoma.
Najua tu kwamba usiku ule kaka yangu Ndahani
alilalamika ugali wa uwele umepoa,
na mama, bila kuinua macho, akamjibu:
Notiwithistandingi, kula.
Tulicheka hadi taa ya chemli ikayumba.

Halafu akaomba kalamu asaini mwenyewe.
Aliandika polepole, ulimi nje kidogo,
na alipofika kwenye ile L
akaikandamiza mpaka karatasi ikatoboka.