Kiambishi

Mwaka ule Baraza la Middlesbrough lilipoupa mto Tees kiti,
waliweka kipaza sauti mezani na glasi ya maji kando yake
(nani aliona haja ya kuutengea mto maji, sijui),
na mimi mwisho wa meza, mkalimani wa zamu,
nikiandika kumbukumbu kwa Kiswahili
kwa ajili ya majirani zangu wa Gresham,
ambao mazulia yao huonja mafuriko kwanza.

Chini ya lile daraja la bluu vihisio elfu tisa
vilikuwa vimelala topeni tangu kiangazi.
Fundi Oswin akabonyeza. Tukangoja.
Diwani Thackray akakohoa, akanywa, akakohoa tena.

Nikaandika: Mto umenyamaza.
Nikafuta.
Redio hunyamaza ikizimwa. Huyu hajazimwa na mtu.
Mto amenyamaza,
na kalamu ikasita, kama mguu unaotafuta ngazi gizani.

Lushoto, darasa la tatu, mwalimu Shekimweri alinichapa kiganja
kwa kosa hilohilo: "Mti unaanguka! Mti si shangazi yako!"
Samaki alipewa a-, hata yule wa kukaanga.
Kupe alipewa a-.
Mto, mti, mlima, moshi
vikasukumwa benchi moja na mkate na msumari.
Mto wa kulalia, mto wa kuzama: neno moja,
na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Dakika ya kumi na moja spika ikakwaruza.
Sauti ilikuja polepole,
kama ya mtu anayeongea huku amebeba kabati.
Hakudai fidia. Hakutaja kiwanda cha chuma,
wala mafuta, wala mifereji.
Alisema:
"Maji ya kwenye glasi ni mimi. Nirudisheni."

Sote tukaitazama glasi.
Ilikuwa nusu.
Kisha, kwa aibu, tukalitazama tumbo la Diwani Thackray,
naye akafunga kifungo cha koti.

Oswin aliibeba iliyobaki kwa mikono miwili
hadi ukingoni, mvuani, bila mwavuli.
Nami nilirudi kwenye ukurasa wangu.
Diwani ni a-, hilo halina ubishi.
Na ile nusu iliyomo ndani yake?
Nikafuta mara ya pili, nikaandika: Tumenyamaza.

Asubuhi Mama Nsimire akanipigia simu:
"Hapa umeandika tumenyamaza. Nyinyi na nani?"
Nilikuwa napiga mswaki.
Bomba lilikuwa wazi.